Ubao wa Povu na Mahali pa Moto

Kambini, Saudia
2 Juni 1981

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Huku mimi ni mzima, na naomba nanyi huko Dalgol muwe wazima: wewe, mke wangu Ok-ja, na binti yetu Eun-sil, ambaye picha yake niliyoipata juzi inaonyesha meno mawili ya mbele hayapo. Joto la leo limefika nyuzi arobaini na sita. Cha ajabu ni kwamba katika hali hii nimenenepa. Suruali nilizokuja nazo mwaka jana zimegoma kufunga, na jioni wenzangu wanapolalamika njaa, mimi sisikii kitu.

Mama, Ok-ja ameniandikia habari ya moshi. Anasema kipupwe kilichopita mlilala mlango wazi hadi theluji ikaingia kwenye mito ya kulalia, kwa sababu sakafu ya chumba kikubwa imepasuka na moshi wa jikoni unaopita chini yake unatokea juu. Moshi ule unaua, na haupigi hodi. Naomba mwaka huu, kabla ardhi haijaganda, tuing'oe sakafu yote, mawe na mifereji yake ya moshi, tuweke ya kisasa: boila ya makaa nje, na mabomba ya maji ya moto chini ya sakafu. Moshi unabaki nje, ndani linaingia joto peke yake.

Mimi nikiwa msimamizi wa mabomba huku, jambo hili nalijua vizuri. Kitu kikubwa si mabomba. Kitu kikubwa ni kile kinacholazwa chini yake ili joto lisizame ardhini. Ukikosea hapo utakuwa unawapashia joto minyoo na fuko. Ukipatia, chumba chote kinakuwa na joto sawasawa, kutoka ukuta wa jikoni mpaka mlangoni. Hakuna pa moto wala pa baridi. Mtu akiingia anakaa popote.

Mkweo,
Dal-su


Dalgol
30 Juni 1981

Dal-su,

Marahaba. Mimi nasema, Ok-ja anaandika, maana mimi na herufi hatukuwahi kutambulishwa. Tu wazima. Mgongo wangu unauma kama kawaida yake. Viazi vimetoka vizuri. Jogoo wa mama Pil-nyeo jirani yetu amekufa, na sasa ananitazama kama mimi ndiye niliyemnyonga. (Hakumnyonga. Alimtupia jiwe. Mume wangu, maneno yaliyo kwenye mabano ni yangu, yeye hayajui. – Ok-ja)

Sasa hilo la joto sawasawa. Chumba kikiwa na moto kila mahali, mgeni utamkaribisha wapi? Mzee ataketi wapi, na kijana atajuaje kwamba yeye ni kijana? Nyumba hii mahali pa moto ni kando ya ukuta wa jikoni, pale ambapo karatasi iliyobandikwa sakafuni imeungua ikawa rangi ya chai. Marehemu baba mkwe wako alikaa hapo miaka thelathini. Hakuna aliyepakalia bila kukaribishwa, isipokuwa mtu mmoja. Jina lake silitaji. Alikuja kumposa binti yangu, theluji iko mabegani, akavua viatu, akapita mbele ya wazee wote waliokuwa wamekaa, akaenda kuketi pale pale. Akanyoosha miguu. Akafumba macho, akasema, “Ahh.” Miaka minane imepita na hiyo “ahh” bado naisikia.

(Amecheka alipokuwa anasema hivyo, ila kidogo. Ameniuliza mbona naandika sana kuliko anavyosema. Nimemwambia maneno yake ni mazito, yanakula nafasi.)

Mawe yang'olewe, moshi siutaki. Lakini mahali pa moto pabaki. Ninapahitaji kwa ajili ya mgongo. Na hicho cha kulaza chini usijisumbue, Fundi Maeng anasema pumba za mpunga zinatosha, babu yake aliziweka na babu yake hakuwa mjinga.

Mama yake Ok-ja


Kambini
24 Julai 1981

Mama,

Shikamoo tena. Pole na mgongo, na poleni na jogoo. Nimemtumia Ok-ja fedha za kutosha sakafu yote, msibanebane.

Kuhusu siku ile, Mama, nilikuwa nimetembea kwa muda wa saa nne kutoka barabarani. Miguu siihisi, masikio siyahisi. Sikuona wazee, sikuona wewe, niliona karatasi ya rangi ya chai tu. Nilipofumbua macho na kukuona umeshika birika, nilijua nimekwisha. Tangu hapo kila nikiingia chumba kile natafuta pa kukaa kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Naomba basi unielewe ninapotamani sakafu ambayo mtu hawezi kuikalia vibaya.

Nije kwenye kazi. Pumba hapana. Panya watahamia humo na familia zao, na zikipata unyevu zinaoza, sakafu inazama. Mkaa uliochanganywa na chumvi ni mzuri, ila kwa chumba kile mtahitaji msitu. Kinachofaa ni ubao mweupe wa povu, jamii ya ule wanaofungashia samaki mjini, lakini usikubali ule wa samaki. Ule ni mwepesi, ukimwagiwa zege juu unabonyea. Fanya hivi: bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu. Kidole kikizama, kataa. Kikigoma, nunua. Chini yake tandazeni nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhi, na msisahau kukata vipande vyembamba vya kusimamisha kando ya kuta nne, maana joto ni janja, likizuiwa chini linatorokea ubavuni.

Huku tunautumia ubao huohuo kwenye kuta za ghala la barafu, unene wa kiganja. Nje mtu anaungua, ndani pumzi inatoka na ukungu. Nimeushika kwa mikono yangu, ndiyo maana nausema.

Mkweo,
Dal-su


Dalgol
27 Agosti 1981

Dal-su,

Marahaba. Tu wazima, ukiacha Eun-sil ambaye amekula mahindi mabichi na sasa analipa. Mama Pil-nyeo naye ameweka sakafu mpya, na anazungumza habari zake hadi kisimani.

Nilikwenda mjini siku ya soko kwa basi la asubuhi. Duka la kwanza nilibonyeza mbao saba, kidole kikazama saba. Mwenye duka akaniambia, “Bibi, unanitobolea mali.” Nikamwambia, “Mali inayotobolewa na kidole cha kikongwe si mali.” Akanionyesha mlango. Duka la pili mwenyewe alitaka kunipa ule wa samaki, nikamuuliza samaki wake wako wapi. Duka la tatu nikabonyeza mpaka ukucha ukageuka zambarau, ubao haukusikia. Nimeununua huo. Ukucha bado haujarudi rangi yake.

Lakini Dal-su, nimeufikiria sana huo ubao wako na siuamini. Huko unafukuza joto, huku unalikumbatia. Hauna msimamo. Mtu wa namna hiyo nisingempa binti. (Alisema, “Mtu mwingine wa namna hiyo.” Neno “mwingine” akaniambia nilifute.)

Na mimi bado nataka mahali pangu pa moto. Nakuambia sababu. Ni mabonge ya soya. Bila mahali pa moto pa kuyafunika hayachachi, na yasipochacha hakuna mchuzi mwaka mzima, na Eun-sil atakua bila kujua ladha ya kwao.

(Barua iliyopita ilikuwa mgongo, leo ni soya. Kuna sababu nyingine kabisa. Amenikataza kuiandika, na ameniapisha mbele ya picha ya baba.)

Mama yake Ok-ja


Dalgol
3 Oktoba 1981

Dal-su,

Sijapata jibu lako, lakini nakuandikia hivyohivyo kwa sababu asubuhi mlima ulikuwa na umande mweupe na baridi haisubiri posta. Uko mzima? Ok-ja kila akisikia baiskeli ya tarishi anaacha sufuria linaungua. Tumekula wali wa kuungua siku nne.

Sakafu imeng'olewa. Fundi Maeng na shemeji yake walitoa mawe yote, wakakuta chini yake masizi ya miaka arobaini, kijiko cha mama mkwe wangu, na panya mmoja aliyekauka. Sasa chumba kikubwa ni shimo, na sote tunalala chumba kidogo kisicho na moto. Wamesema siku tisa, nami nawajua, zitakuwa kumi na tano. Sina la kuongeza. Nina haraka.

(Mume wangu, niliapa kutokuandika sababu, lakini sikuapa kutokuandika nilichokiona kwa macho. Tangu siku uliyoondoka, kila jioni Mama anapakua wali wako kwanza kabla ya wetu, kwenye lile bakuli la shaba la harusi yetu, anafunika na kifuniko, analizungushia kitambaa, analiweka mahali pa moto chini ya blanketi. Wewe unajua desturi: bakuli la aliye safarini likipoa, na yeye huko aliko ana njaa. Asubuhi anaula yeye mwenyewe, kimyakimya, ili usitupwe. Hajakosa siku. Sasa sakafu haipo, moto haupo, basi tangu juzi bakuli lako analifunga tumboni kwa mkanda wa kubebea mtoto, analala nalo. Jana mama Pil-nyeo alimwona akakimbia kuwaambia watu kwamba mjane wa miaka sitini na saba ana mimba. Mama amenichungulia sasa hivi na kuniuliza, “Mbona unalia, nimesema nini cha kulia?” Nimesema ni vumbi la Fundi Maeng.)

Mama yake Ok-ja


Kambini
26 Oktoba 1981

Mama,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika pamoja leo, ya soya na ya shimo. Niko mzima. Nawasalimu wote.

Nimeulizia kwa wataalamu wa hapa, na wamenirekebisha. Joto la sawasawa limepitwa na wakati. Nilikosea, Mama. Wanasema chumba cha sasa lazima kiwe na upande mmoja wa moto zaidi, tena unaofaa kabisa ni upande wa ukuta wa jikoni. Mwambie Fundi Maeng bomba lianzie kona hiyo, maji yakiwa bado yanachemka, na alizungushe karibukaribu, vidole vinne kati ya bomba na bomba. Kwingine kiganja na nusu. Na kona hiyo ilale juu ya mbao mbili, moja juu ya nyingine. Kama mbao hazitoshi, upande wa mlangoni ukose. Upande wa mlangoni hauna umuhimu.

Usiniulize sababu, ni mambo ya kitaalamu.

Mkweo,
Dal-su

Chumba kidogo kina baridi. Mama ajifunike vizuri tumboni.


Dalgol
29 Novemba 1981

Dal-su,

Marahaba. Theluji imefika magotini. Sisi wazima, na kabichi za kipupwe tumezitia chumvi zote, mikono ya Ok-ja imekuwa kama ya mvuvi.

Barua yako ya wataalamu imefika jana. Sakafu ilimwagwa zege tarehe kumi na tatu Oktoba. Kwa hiyo wataalamu wako wamechelewa mwezi mzima na nusu, na nimefurahi kwamba wamefikia akili yangu, ingawa kwa miguu. Nikuambie nilichofanya. Mbao zilikuwa za kutosha chumba chote, moja moja, kama ulivyoagiza mwanzo. Fundi Maeng alizipanga jioni akaenda kwao. Alfajiri niliingia shimoni nikang'oa zote za upande wa mlangoni, nikazilaza juu ya zile za ukuta wa jikoni. Mlangoni nikajaza pumba. Babu yake Maeng asinung'unike huko aliko. Aliporudi akasema, “Mama, hapa pameinuka.” Nikasema, “Ardhi hukua.” Akatazama nailoni, akatazama miguu yangu yenye matope, akaanza kulaza bomba. Nilisimama na ufagio pale nilipotaka lianzie.

Zege limekauka, karatasi imebandikwa na kupakwa mafuta ya soya mara tatu. Boila iko nje chini ya kibanda chake, inakoroma. Moshi hakuna hata wa dawa. Na kona ya jikoni, Dal-su, ukiweka mkono unautoa. Mlangoni ni ubaridi wa kawaida wa heshima. Mama Pil-nyeo, mwenye sakafu yake ya sawasawa, alikuja kusalimia asubuhi, akasogea, akasogea, akafika kwenye kona, na hakuondoka mpaka nilipoanza kupepeta mtama juu ya kichwa chake. Karatasi imeshaanza kupata rangi ya chai.

Sababu ya kona unaijua. Ni paka. Ameshazeeka.

(Hatuna paka.)

Jambo moja linanisumbua. Ulijuaje habari za tumbo?

(Nimemwambia ulikuwa unamaanisha mwili mzima. Hajaamini. Kuwa mwangalifu.)

Mama yake Ok-ja


Kambini
2 Januari 1982

Mama,

Shikamoo. Mwaka umeingia na mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu. Walinipa fomu ya kuongeza miaka miwili, nimeirudisha tupu. Narudi nyumbani.

Kabla sijafika nina jambo la kusema, na ni afadhali nikiwa mbali, ufagio usipofika. Mimi si msimamizi wa mabomba. Bomba huku sijalishika ila la sinki. Mimi ni mpishi. Nilipofika waliuliza nani anaweza kutengeneza kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha, ya watu mia sita, mkono wangu ukapanda wenyewe. Namenya figili, naosha mchele, nakoroga masufuria ambayo mtu anaweza kuoga ndani yake. Habari zote za ubao wa povu nilizijua kwa sababu ghala la barafu ni la jiko, na tulipolijenga niliambiwa nishike mbao wakati wengine wanagongelea. Wataalamu niliowataja ni mimi na mwosha vyombo.

Nilikudanganya kwa sababu siku ile ya “ahh”, nilipoulizwa kazi yangu, ulimwambia marehemu baba kwa sauti ya kusikika kwamba mikono yangu ni laini kama ya mtu wa jikoni. Basi sasa unajua kwa nini nimenenepa. Si ajabu yoyote. Mpishi hulamba mwiko.

Nikifika nitakaa karibu na mlango, kwenye pumba. Sitakanyaga kona yako wala kumsumbua paka.

Mkweo,
Dal-su


Dalgol
30 Januari 1982

Dal-su,

Marahaba. Tu wazima wote. Mwaka mpya wetu umepita juzi. Eun-sil ameota jino moja na ananiuliza kila asubuhi baba yake anakuja siku gani. Nimechoka kuulizwa, fanya haraka.

Hilo la jiko nililijua tangu barua ya kwanza. Barua zako zinanuka kitunguu saumu. Ok-ja akizifungua, mama Pil-nyeo anauliza kupitia ukutani tunapika nini. Msimamizi wa mabomba gani ananuka hivyo? Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unajivuna vizuri, na mtu aliye mbali na kwao lazima awe na kitu cha kujivunia. Ile ya mikono laini nilisema, sikatai. Nilikuwa nakutazama unavyowapitia wazee nikiwa na birika la maji ya moto mkononi, shukuru ilikuwa maneno tu.

Lakini hapo uliposema umenenepa kwa kulamba mwiko, hapo nakataa. Mwiko haunenepeshi. Mwaka mzima na nusu umeniandikia kwamba jioni wenzako wana njaa na wewe huna, na hujawahi kujiuliza. Dal-su, kila jioni nimekupakulia wali. Kila jioni, hata ile ya shimo. Haujapoa hata mara moja, niliubeba kwa tumbo langu mwenyewe, na najua unajua, maana nina binti anayeandika kurasa tatu nikisema maneno kumi. Unene huo ni wangu. Usimpe mtu mwingine sifa zake.

(Hapa amenyang'anya kalamu, akaitazama, akanirudishia. Anasema nimsomee yote, pamoja na mabano. Nimemsomea.)

Mgongo ni kweli unauma, na soya ni kweli zimechacha. Paka sina. Mahali pale nilipataka kwa ajili ya bakuli, basi.

Ukifika usibishe hodi mlangoni kama mgeni. Na kwenye pumba usikae, pana baridi, mimi ndiye niliyezitia na najua. Vua viatu, pita mbele ya kila mtu atakayekuwa amekaa, hata kama ni mama Pil-nyeo, nenda moja kwa moja kwenye ukuta wa jikoni. Nyoosha miguu. Ukitaka kusema ile “ahh” yako, iseme, mara hii nitakuwa nimeweka birika chini.

Bakuli nitaliondoa mimi mwenyewe ili upate nafasi.

Mama yako